Jina la Ugonjwa na Jina la Tiba: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Sonona kwa Kurejelea Kasese na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Mjadala wa istilahi za afya ya akili katika Kiswahili umetumia nguvu nyingi kutafuta jina moja la ugonjwa: sonona, unyogovu, mfadhaiko au jina jingine. Makala haya yanauhakiki mjadala huo kutoka wilaya ya Kasese, hasa bonde la mto Nyamwamba na mji wa mpakani wa Bwera. Yanadai kwamba kikwazo kikubwa cha mgonjwa kutafuta msaada hakiko katika jina la ugonjwa bali katika jina la tiba. Istilahi zilizopo ni nomino zinazotaja hali na kuficha kisababishi chake, na istilahi ya tiba iliyoenea, yaani ushauri nasaha, inaahidi kitu ambacho tiba ya mazungumzo haikusudii kutoa. Makala yanaonesha kwamba mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili, na wa lugha nyingine za Kibantu zinazozungumzwa eneo hilo, tayari una njia za kuuliza chanzo cha maradhi na za kueleza msaada. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera na vyombo vya ukuzaji wa Kiswahili.

1. Utangulizi

Kasese ni wilaya iliyobeba misiba mingi kwa muda mfupi. Mnamo Mei 2013 mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka Milima ya Rwenzori kupitia Kilembe, ulifurika na kubomoa nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Mei 2020 mto huohuo ulifurika tena pamoja na mito mingine ya wilaya. Hospitali hiyo iliharibiwa vibaya, na familia nyingi zikahamia kambini. Kati ya mafuriko hayo mawili, tarehe 26 na 27 Novemba 2016, vyombo vya usalama vilishambulia jumba la Omusinga wa Rwenzururu mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo na kufika Bwera. Tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuwaua wanafunzi 37 pamoja na wakazi wengine. Kwa wazee wa Bwera, shambulio hilo lilifufua kumbukumbu ya Novemba 1996, kundi hilohilo lilipoingia Mpondwe kwa mara ya kwanza.

Katika mazingira hayo, swali la namna ya kuzungumza juu ya sonona si la wanaisimu peke yao. Mtu asiyelala, asiyekula, asiyeona faida ya kuamka, anahitaji maneno mawili kabla hajapata msaada: neno la kuieleza hali yake na neno la kuutaja msaada anaoutafuta. Wataalamu wa Kiswahili wamelishughulikia zaidi neno la kwanza. Makala haya yanadai kwamba neno la pili ndilo lililoachwa nyuma, na kwamba kuachwa huko kuna gharama kwa mgonjwa.

Neno uhakiki linatumika hapa kwa maana yake pana: kupima istilahi, hojaji na misemo ya huduma kama matini, kwa kuuliza matini hayo yanamweka mgonjwa katika nafasi gani, yanamtaja nani, na yanamnyamazisha nani.

2. Nomino na kile inachokificha

Istilahi tatu ndizo zinazoshindana zaidi. Sonona imepata nguvu Tanzania, hasa katika uandishi wa habari na elimu ya afya. Unyogovu linaonekana sana katika machapisho ya Kenya na katika tafsiri za mtandaoni. Mfadhaiko linatumika pande zote, lakini limebeba pia maana ya wasiwasi na hata ya mshtuko wa ghafla. Kando yake upo msongo wa mawazo, ambao wataalamu wengi wanautumia kwa shinikizo la maisha na siyo kwa ugonjwa, ingawa katika mazungumzo ya kila siku mpaka huo haulindwi. Mtu wa Dar es Salaam anaposema ana msongo, msikilizaji hajui kama anazungumzia mtihani wa kesho au miezi sita ya kutotaka kuishi.

Faida ya kuwa na nomino moja iliyosanifiwa haipaswi kubezwa. Mtu akiambiwa ana sonona kama anavyoambiwa ana homa, anapewa ruhusa ya kuwa mgonjwa. Haonekani mvivu, wala mwenye imani haba, wala aliyerogwa. Katika Afrika Mashariki, ambako majina ya hospitali za Butabika, Mathari na Mirembe yamegeuzwa kuwa matusi ya mitaani, kuutenga ugonjwa huu na neno kichaa ni hatua kubwa.

Hata hivyo nomino ina bei yake. Inataja hali bila kutaja mtendaji wala tukio. Neno sonona lenyewe linatokana na mzizi uleule unaozaa sononeka na sononesha. Katika sononeka kuna mtu anayepatwa na jambo. Katika sononesha kuna jambo au mtu anayelisababisha. Msemaji wa Kiswahili anaposikia kwamba fulani amesononeka, swali linalofuata linakuja lenyewe: nini kimemsononesha? Akisikia kwamba fulani ana sonona, swali hilo halimjii tena. Ugonjwa umekuwa kitu kilichomo ndani ya mtu, kama jiwe kwenye figo.

Si lugha ya wataalamu tu inayoweza kuonesha hili. Watafiti wakiongozwa na Paul Bolton walipotaka kupima tiba ya sonona vijijini katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, walianza kwa kuwauliza wakazi wenyewe wanazitaja vipi hali zinazofanana na ugonjwa huo. Walipewa hasa majina mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Majina yote mawili ni vitenzi, na yote yana kiambishi kinacholingana na -ji- ya Kiswahili. Wanakijiji waliuona ugonjwa kama tendo lililogeuka: chuki au huruma ambayo kwa kawaida humwendea mwingine, sasa imerudi kwa mtendaji mwenyewe. Maelezo hayo ni ya kina kuliko nomino yoyote iliyopendekezwa katika Kiswahili, na hayakutungwa na kamati.

Vivyo hivyo, misemo ya kuwaza sana au kuwa na mawazo mengi, inayosikika kuanzia Pwani hadi Beni na Butembo, si maneno duni yanayosubiri istilahi bora. Mapitio ya Bonnie Kaiser na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionesha kwamba misemo ya aina hii inapatikana katika sehemu nyingi za dunia, na kwamba hailingani moja kwa moja na sonona: inaweza kubeba sonona, wasiwasi na matokeo ya kiwewe kwa pamoja. Kuitafsiri kwa neno moja la kitabibu ni kuipunguza. Kuipuuza ni kumpoteza mgonjwa mlangoni.

3. Visababishi na kauli ya kutendesha

Tiba iliyopimwa Masaka na Rakai ni ile inayoshughulikia mahusiano ya mtu na watu wake, ikifanywa kwa vikundi. Msingi wake ni rahisi. Kwanza mgonjwa anaambiwa wazi kwamba anaumwa, na kwamba ugonjwa wake unatibika. Kisha anasaidiwa kuunganisha mwanzo wa ugonjwa na jambo lililotokea katika maisha yake. Mwongozo wa tiba hiyo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 unapanga mambo hayo katika maeneo manne: kufiwa, ugomvi, mabadiliko ya maisha, na upweke.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalohitaji istilahi mpya. Msiba, ugomvi, mabadiliko na upweke ni maneno ya sokoni Mpondwe. Wakati wanaistilahi wanajadili jina la ugonjwa, visababishi vyake vyote vikuu vya kijamii vimekuwa na majina tangu zamani, na vinaweza kuulizwa kwa kauli ya kutendesha: nini kilichokusononesha, nini kilichokukatisha tamaa, nini kilichokulaza njaa ya watu?

Maeneo hayo manne yanaisoma historia ya karibuni ya Kasese kwa usahihi. Kufiwa kwa Novemba 2016 hakukuwa kufiwa kwa kawaida, kwa sababu baadhi ya familia zililalamika kwamba hazikupata miili ya ndugu zao. Baada ya shambulio la Lhubiriha, baadhi ya miili ya wanafunzi iliungua kiasi kwamba ilihitaji kutambuliwa kwa vipimo vya vinasaba. Matanga yasiyo na kaburi hayana siku ya kuanuliwa. Mtaalamu akiandika tu kwamba mama fulani ana sonona, ameandika kweli, lakini ameacha nje sababu ambayo bila kuigusa tiba haitaanza.

Mabadiliko ya maisha ndiyo historia ya bonde la Nyamwamba. Mkulima aliyekuwa na shamba na nyumba Kilembe, akahamishiwa kambini Muhokya, hakupoteza mali peke yake. Amepoteza nafasi yake: aliyekuwa akitoa sasa anapokea, aliyekuwa akiwaita watu kwake sasa anapangwa foleni. Ugomvi nao una mizizi katika ardhi. Sehemu kubwa ya wilaya iko ndani ya Hifadhi za Taifa za Queen Elizabeth na Milima ya Rwenzori, na ardhi inayobaki inagombewa na wakulima, wafugaji na koo. Upweke ulipata sura ya kitaasisi wakati wa Ebola, waliokutana na wagonjwa walipofuatiliwa kwa siku 21 na kupeana mikono kukawa hatari. Hatua hizo ziliokoa maisha. Ziliwafundisha watu pia kwamba jirani ni wa kuogopwa.

Kauli ya kutendesha, hata hivyo, ina hatari mbili ambazo mhakiki hana budi kuzitaja. Ya kwanza ni kwamba si kila sonona ina tukio linaloonekana. Urithi wa kifamilia, mabadiliko ya mwili baada ya kujifungua, pombe, na maradhi ya muda mrefu yakiwemo maambukizi ya VVU yana nafasi yake. Mama aliyejifungua salama akaulizwa kwa msisitizo nini kimemsononesha, naye hana jibu, atatoka akijilaumu. Ya pili ni kwamba kisababishi katika Kiswahili kinaweza kuwa nini au nani. Swali la nini linaelekea kwenye maisha; swali la nani linaweza kuelekea kwenye tuhuma za uchawi na kumtafuta jirani mwenye kosa. Mafunzo ya watoa huduma yanapaswa kulishika jambo hili dogo la kisarufi, kwa kuwa linaamua kama mazungumzo yatafungua mlango au yatawasha moto mwingine.

Kwa hiyo makala haya hayapendekezi kuiacha nomino. Yanapendekeza nomino itumike pale inapofaa, yaani katika kumwambia mgonjwa kwamba hali yake ni ugonjwa, na baada ya hapo kitenzi kichukue nafasi.

4. Nasaha au kusikilizana

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika jina la tiba. Tangu zama za mwanzo za janga la UKIMWI, istilahi iliyoenea kwa mazungumzo ya kitabibu ni ushauri nasaha. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani kuyafanya mazungumzo hayo kuwa sehemu ya huduma, hasa kupitia shirika la TASO lililoanzishwa mwaka 1987. Tanzania na Kenya ziliieneza istilahi yenyewe pamoja na upimaji wa hiari. Historia hiyo imeacha alama mbili. Kwanza, katika masikio ya wengi, anayekwenda kwenye ushauri nasaha anakwenda kupima au kupokea majibu ya VVU. Mwenye sonona anabeba aibu mbili kwa tiketi moja.

Pili, na hili ni zito zaidi, maneno yote mawili yanamaanisha kuambiwa la kufanya. Nasaha, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi yake katika utamaduni wa Waswahili, ni mawaidha mema yanayotoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, ni mfano unaojulikana: mama mgonjwa anamwachia binti yake mafunzo ya maisha. Hiyo ni nasaha katika heshima yake yote. Mshauri naye ni mtu mwenye maarifa anayemwelekeza asiyenayo. Ndiyo maana serikali zina washauri.

Tiba ya mazungumzo inafanya kinyume chake. Mtoa tiba anasikiliza zaidi ya anavyosema. Haamui kwa niaba ya mgonjwa kama arudi kwa mume, auze shamba au asamehe. Kazi yake ni kumsaidia mgonjwa kulitaja jambo, kuliona lilivyoungana na maradhi yake, na kujaribu njia mpya za kuwasiliana na watu wake. Mgonjwa aliyeahidiwa nasaha na kukutana na ukimya wa kusikilizwa anadhani amedanganywa, au mtoa tiba hajui kazi. Kwa upande mwingine, mhudumu aliyefunzwa kwamba kazi yake ni kutoa nasaha ataitoa: jikaze, muombe Mungu, wapo waliopoteza zaidi yako. Maneno hayo si mabaya mahali pake, lakini mwenye sonona amekwisha kujiambia yote na hayakumsaidia.

Fasihi ya Kiswahili imelionesha tatizo hili kabla ya wataalamu wa afya. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, mhusika mkuu amezungukwa na watu wenye la kumwambia: baba mkali, walimu, jamii yenye hukumu tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kumsikiliza kabla ya kumhukumu, na mwisho wake ni kujiua. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kwa misingi ya malezi, maadili na falsafa. Inaweza kusomwa pia kama maelezo ya jamii yenye utajiri wa nasaha na ufukara wa usikilizaji.

Ushahidi wa kitabibu unaelekea upande huohuo. Katika utafiti wa Masaka na Rakai, uliochapishwa mwaka 2003, vikundi vya wanaume na vya wanawake vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kawaida wa jinsia moja na wanakikundi, waliopata mafunzo ya wiki mbili. Kati ya waliopata tiba, waliotimiza vigezo vya sonona kali walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata tiba walishuka pia, kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Tofauti ni kubwa, nayo haikuletwa na dawa wala na wataalamu wachache wa magonjwa ya akili walioko mijini. Ililetwa na watu waliokaa pamoja wakazungumza kwa utaratibu. Shirika la StrongMinds, lililoanza kazi Uganda miaka kumi baadaye, limeuendeleza mfumo huo kwa vikundi vingi vya wanawake.

Zimbabwe inatoa funzo la istilahi moja kwa moja. Mpango wa Dixon Chibanda wa kuwatumia akina bibi kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare ulihitaji jina. Akina bibi ndio waliopinga benchi kuitwa la afya ya akili, kwa hoja kwamba hakuna atakayelikalia. Jina la Kishona lililoshika, Chigaro Chekupanamazano, maana yake ni kiti cha kupeana mawazo ya kutatua shida. Ndani ya kupana kuna -na ileile ya kutendana iliyomo katika kupeana, kushauriana na kusikilizana kwa Kiswahili. Hatua ya kwanza ya mazungumzo yenyewe inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Hapo mgonjwa si mpokeaji wa maneno. Ni mmoja wa wawili wanaotenda.

Tofauti kati ya kupewa nasaha na kusikilizana ni tofauti kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendana, na ni tofauti ya nafasi ya mgonjwa katika tiba. Ikikumbukwa kwamba wanakijiji wa Masaka na Rakai waliutaja ugonjwa kwa kiambishi cha kujirejea, njia ya uponyaji inaweza kuelezwa kwa sarufi hiyohiyo: kutoka kujichukia hadi kusikilizana.

5. Hojaji na swali lisilojibiwa

Watunga sera hukutana na sonona kwanza kama takwimu, na takwimu hutoka katika hojaji. Inayotumika zaidi ni PHQ-9, yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama kutoka 0 hadi 3. Tafsiri zake za Kiswahili zimepimwa Kenya tangu 2006 na baadaye Tanzania, na kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Hoja hapa ni kwamba tafsiri iliyothibitishwa Eldoret au Dar es Salaam haijathibitishwa Bwera, ambako Kiswahili kinachosikika kina sura ya Kongo na ni lugha ya pili au ya tatu ya wengi.

Lakini hata tafsiri kamilifu haiondoi tatizo la mazingira. Swali kuhusu hamu ya chakula linatofautisha vipi mtu asiyetamani kula na mtu wa kambini asiye na chakula? Swali la usingizi linamsoma vipi mzazi wa mpakani anayekesha kwa tahadhari, kwa kuwa washambuliaji wa 2023 walikuja usiku? Hojaji inahesabu dalili bila kuuliza chanzo. Ikitumiwa peke yake katika eneo la maafa, inaweza kuihesabu njaa kuwa ugonjwa na kuuita uangalifu maradhi.

Swali la 9, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, lina uzito wake. Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya sheria ya 1964 na kuleta lugha yenye heshima zaidi kwa mgonjwa. Kanuni ya Adhabu, hata hivyo, imeendelea kulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mgonjwa anaulizwa na mhudumu wa serikali kuhusu jambo ambalo serikali hiyohiyo inaweza kumshtakia. Kenya imeanza kuutatua mgongano huu: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kama hicho katika sheria za nchi hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Bila hatua ya aina hiyo, jibu la hapana katika swali la 9 linaweza kuwa jibu la hofu tu.

6. Kiswahili cha nani?

Pingamizi moja linaweza kutolewa dhidi ya hoja nzima ya makala haya: je, Kiswahili ndiyo lugha inayofaa kwa tiba ya mazungumzo Kasese? Pingamizi hili ni la msingi. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa Uganda mwaka 1973 na utawala wa Idi Amin, na kwa Waganda wengi kikabaki lugha ya jeshi, polisi na vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu Kiswahili. Hatua hizo hazifuti kumbukumbu. Mtu aliyesikia Kiswahili kikitoa amri katika siku za Novemba 2016 hawezi kutarajiwa aikute lugha hiyo tulivu chumbani mwa tiba.

Kwa upande mwingine, Mpondwe na Bwera ni mpaka wenye soko kubwa, na Kiswahili kinawaunganisha wafanyabiashara wa pande mbili pamoja na wakimbizi kutoka Kongo. Kwa mkimbizi asiyejua Lhukonzo wala Kiingereza, Kiswahili ndiyo lugha pekee atakayoulizwa nayo habari zake. Hivyo jibu si kuchagua lugha moja. Mazungumzo ya tiba yafanyike kwa lugha ambayo mgonjwa analilia, iwe Lhukonzo, Rutooro au Kiswahili, na Kiswahili kibebe kazi ya mafunzo, miongozo na mawasiliano ya kuvuka mpaka.

Kanuni iliyotetewa hapa inahamishika. Lhukonzo, kama Kiganda na Kiswahili, ni lugha ya Kibantu yenye mnyambuliko wa kutendesha na kutendana. Jamii ya Wakonzo pia ina ekyaghanda, mahali pa watu kukutana na kumaliza tofauti zao. Tahadhari inahitajika, kwani baraza linalotoa maamuzi si kikundi cha tiba, na mwanamke au kijana anaweza asiwe huru kusema mbele ya wazee. Hata hivyo, wazo kwamba maumivu huletwa mbele ya watu na kuzungumzwa halikuletwa Kasese na kitabu cha kigeni.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umedai kwamba istilahi za Kiswahili za sonona zimejengwa upande mmoja. Zimeupa ugonjwa majina mengi, na tiba zimeipa jina linalopotosha. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yasanifu istilahi za tiba sambamba na za ugonjwa. Tiba ya mazungumzo na kikundi cha kusikilizana zinaweza kuchukua nafasi ya ushauri nasaha kwa huduma ya sonona, na ushauri nasaha ubaki kwa kazi inayohusu taarifa na maelekezo.

Pili, mafunzo ya timu za afya za vijiji na wahudumu wa vituo vya afya yawe na somo la lugha: kusikiliza misemo ya wagonjwa, kuuliza nini badala ya nani, na kuzuia haraka ya kuonya.

Tatu, hojaji zisitumike katika maeneo ya maafa bila maswali ya mazingira, na bila kupimwa kwa lugha zinazozungumzwa huko, kikiwemo Kiswahili cha mpakani.

Nne, watunga sheria wa Uganda waoanishe Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ili mgonjwa aseme ukweli bila kuhofia mashtaka.

Baada ya shambulio la Lhubiriha, msaada wa kisaikolojia ulifika haraka kwa familia, ukiwemo wa Msalaba Mwekundu wa Uganda. Wageni huondoka baada ya majuma au miezi; wafiwa hubaki. Atakayekuwa nao baada ya hapo ni jirani, katekista, shehe, mwalimu na mhudumu wa kijiji. Hao wana nasaha nyingi tayari. Wanachohitaji kutoka kwa wataalamu wa lugha na wa afya ni namna ya kusikiliza, na jina la kuitambulisha kazi hiyo mbele ya mgonjwa.